Picha ya nyotamkia imeharibika? Nyota zilizo kando yake zinajua kosa

Oktoba 2024, siku zile nyotamkia Tsuchinshan–ATLAS ilipokuwa ikionekana magharibi baada ya jua kuzama, nilipokea picha nyingi kutoka kwa watu niliowahi kuwafundisha kutumia kamera. Mmoja alikuwa Kigoma, wengine Mombasa na Unguja, mwingine Muscat. Malalamiko yao yalifanana. "Kwa macho naiona, simu haioni." "Imetoka kama uzi uliokunjamana." "Anga lote limekuwa la chungwa." "Nimepata kitu cha kijani, ndiyo yenyewe?"

Nilizikuza moja moja, na karibu zote zilikuwa na dawa. Njia niliyotumia kutambua kosa ndiyo ninayoiandika hapa. Kuza picha iliyoharibika, kisha iache nyotamkia utazame nyota zilizo kando yake. Nyotamkia ni wingu la gesi na vumbi lisilo na ukingo, kwa hiyo huwezi kujua kama ukungu unaouona ni wake au ni wa lenzi yako. Nyota ni nukta. Nukta ikiharibika, namna ilivyoharibika inamtaja mkosaji.

Nyota zimekuwa vistari vifupi vilivyolala upande mmoja? Dunia imezunguka wakati shata, lile pazia la kamera linaloruhusu mwanga kuingia, iko wazi. Zimekuwa vijinyoo, au zina umbo la alama ya vema? Kamera imetikisika. Zimekuwa visahani vya duara? Fokasi. Zina mwanga uliotapakaa kama taa ndani ya mvuke? Lenzi ina unyevu au mafuta ya vidole. Na kama hakuna nyota hata moja, anza hapa chini.

## Picha ni nyeusi, au ina anga tu

Sababu ninayoikuta mara nyingi kuliko zote ni kutazama upande usio wake, au saa isiyo yake. Nyotamkia nyingi huangaza sana kwa sababu zimekaribia jua, kwa hiyo hukaa chini angani, muda mfupi baada ya magharibi au kabla ya mapambazuko. Na sisi tulio karibu na ikweta, jua letu huzama wima. Kitu kilicho magharibi nacho hushuka wima, digrii moja kila dakika nne. Nyosha mkono mbele yako ukunje ngumi: upana wa ngumi hiyo ni kama digrii kumi. Nyotamkia iliyo ngumi moja juu ya upeo wa macho itakuwa imezama ndani ya dakika 40 hivi. Aliyesema ngoja kwanza nile, hakuikuta.

Fungua programu ya ramani ya anga kama Stellarium, weka mahali ulipo na tarehe, na hakikisha programu imesasishwa, maana hesabu za njia ya nyotamkia mpya hurekebishwa kadiri inavyofuatiliwa. Kisha chagua alama mbili angavu za kukuongoza. Tarehe 14 na 15 Oktoba 2024 ilikuwa rahisi: ukitazama magharibi, Zuhura ilikuwa kushoto, nyota Simaki (Arcturus) kulia, na nyotamkia katikati yao. Aliyejua hizo mbili hakuhitaji programu.

Mahali pia pana neno lake. Mtu wa Dar es Salaam, Tanga au Malindi ana bahari upande wa mashariki, kwa hiyo nyotamkia ya alfajiri ni riziki yake: mwishoni mwa Septemba 2024 ile ile Tsuchinshan–ATLAS ilikuwa ikitoka baharini kabla ya jua, mbele ya upeo usio na mlima wala mnara. Lakini ilipohamia jioni, watu hao hao walikuwa wakitazama juu ya mapaa na taa za mji, ilhali aliye Kigoma alikuwa na ziwa zima mbele yake, aliye Musoma vivyo hivyo, na aliye Mji Mkongwe, Unguja, ana bahari upande wa magharibi. Kabla ya kulaumu kamera, jiulize umesimama upande gani wa maji.

Ikiwa upande na saa ni sahihi, sababu ya pili ni kuiachia simu ijiamulie. Ikiona giza, nyingine huwasha flashi, ambayo haina msaada wowote kwa kitu kilicho mbali kwa mamilioni ya kilomita. Zima flashi. Tumia hali ya usiku huku simu imesimamishwa kwenye kitu kisichotikisika. iPhone ikihisi imetulia kabisa huongeza muda hadi sekunde 30, na simu za Pixel zenye hali ya kupiga nyota huenda hadi dakika 4. Simu yako ikiwa na hali ya Pro, ile inayokuachia upange mwenyewe, anza na ISO 800 (ISO ni wepesi wa kamera kuhisi mwanga), shata sekunde 4, na usogeze fokasi ya mkono hadi mwisho penye alama ya mlima. Kwa kamera yenye lenzi ya milimita 50, anza na f/2.8 (ukubwa wa tundu la lenzi: namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa), ISO 1600, sekunde 4. Kama bado kuna mwanga wa machweo, punguza: ISO 400 na sekunde moja hutosha. Giza likizidi, ongeza, na urudie kuangalia kila baada ya dakika tatu au nne, kwa sababu kwetu mwanga hubadilika haraka kuliko mikono.

Ya tatu inawapata wenye simu zenye kamera tatu nyuma. Ukibonyeza zumu gizani, simu nyingi haziitumii ile kamera ya mbali. Hukata kipande cha picha ya kamera kuu na kukipanua. Baki kwenye 1x.

Ikiwa bado hakuna kitu, elekeza kamera juu, mahali penye nyota unazozijua, upige kwa mpangilio ule ule. Nyota zikitokea, kamera yako ni nzima, na nyotamkia imefichwa na utando wa chini: vumbi, unyevu wa bahari, au moshi wa mashamba yanayochomwa miezi ya kiangazi. Hapo hakuna mpangilio wa kuirekebisha hali hiyo. Panda sehemu ya juu zaidi, au subiri jioni ya kesho kama nyotamkia inazidi kupanda.

Simama hapa. Usitafute nyotamkia kwa darubini, kwa lenzi ndefu au kwa kitundu cha kutazamia cha kamera huku jua lingali juu ya upeo wa macho, hata kama limebaki ukucha. Hamu hiyo naijua. Nyotamkia McNaught ilionekana mchana Januari 2007, na Januari 2025 nyotamkia nyingine, ATLAS ya C/2024 G3, ilipita karibu sana na jua hata watu wakatamani kujaribu. Lenzi hukusanya mwanga wa jua na kuchoma retina, na retina haina mishipa ya maumivu, kwa hiyo hutahisi kitu. Jioni, subiri jua lizame lote. Alfajiri, weka kengele ya simu dakika kumi kabla ya jua kuchomoza, na ikilia funga lenzi. Ukishatazama jua kwa bahati mbaya na sasa unaona doa katikati au mistari imepinda, usingoje kesho: nenda kwa daktari wa macho.

## Nyota zimekuwa mistari au vijinyoo

Hii ndiyo sehemu yenye makosa mengi yanayofanana kwa nje, na ndiyo ambapo nyota husema kwa uwazi zaidi.

Tazama umbo. Ukiona kijinyoo, ndoano au mchoro uliorudi nyuma, huo ni mtikisiko, na mara nyingi chanzo chake ni kidole chako mwenyewe. Ukibonyeza kitufe, kamera hutetemeka kwa sekunde moja au mbili, na muda huo wote shata iko wazi. Weka kipima muda cha sekunde 2, au bora 10 kwa tripodi (stendi ya miguu mitatu) nyepesi. Hakuna tripodi? Tofali, kikombe chenye mchele, kiti kilichogeuzwa, ukingo wa mtumbwi uliovutwa nchi kavu, vyote nimevitumia. Simu ikilazwa kwenye mfuko wa mchanga wa ukubwa wa konzi mbili hutulia kuliko stendi nyingi za bei rahisi.

Tripodi ipo na bado unaona vijinyoo? Fuata mpangilio huu. Shusha nguzo ya katikati. Iliyopandishwa juu huyumba kama mnazi. Ning'iniza begi lako chini yake, lakini liguse ardhi kidogo, vinginevyo upepo utalibembeza begi na begi litaibembeza kamera. Ufukweni, miguu ya tripodi huzama polepole kwenye mchanga wenye maji, na nyota zote zitatoka na mkia mdogo wa kwenda chini: weka kila mguu juu ya jiwe au kipande cha ubao, au panda sehemu kavu. Wakati wa kusi, jikinge nyuma ya ukuta au gari lililozimwa injini. Gari linalounguruma hutikisa ardhi kuliko unavyodhani.

Kuna mkosaji mmoja aliyejificha: kile kifaa cha kutuliza mtikisiko ndani ya lenzi au kamera. Kimetengenezwa kwa mkono unaotetemeka. Kwenye tripodi, baadhi yake hutafuta mtikisiko usiokuwepo na kuuzua. Kizime. Na kamera zenye kioo cha kuakisi ndani (DSLR), tumia mpangilio wa kuinua kioo kwanza au piga kupitia skrini ya nyuma.

Sasa, ukiona vistari vilivyonyooka, vyote upande mmoja na kwa urefu unaokaribiana, hapo hakuna kilichotikisika. Dunia ndiyo iliyosogea. Anga hupita digrii 15 kwa saa, yaani upana wa mwezi mpevu kila dakika mbili. Kwa jicho ni polepole. Kwa lenzi ndefu ni mbio. Kanuni ninayowapa wanafunzi ni kugawanya 300 kwa urefu wa lenzi, ile namba ya milimita iliyoandikwa juu yake; jibu ni sekunde za shata. Lenzi ya milimita 50: sekunde 6. Milimita 200: sekunde moja na nusu. Kamera kuu ya simu, ambayo kwa kawaida hulingana na milimita 25 hivi: sekunde 12. Kama kamera yako ina sensa (kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga) ndogo, ile ya kuzidisha 1.5, gawanya tena kwa 1.5. Vitabu vingine huandika 500 badala ya 300. Ilikuwa sawa enzi za filamu. Kwa sensa za leo zenye vipikseli vidogo, 500 huacha vistari unavyoviona mara tu unapokuza.

Ikiwa nyota za katikati ni nukta safi na za pembeni tu ndizo zina mabawa kama ndege, huo ni udhaifu wa lenzi iliyofunguliwa mwisho. Funga tundu hatua moja na kidogo, kutoka f/1.8 hadi f/2.8, na usogeze nyotamkia kuelekea katikati. Lakini upande mmoja tu wa picha ukiwa mbaya, kushoto kuzuri na kulia kumevurugika, na inajirudia kila mara hata mchana, kuna kioo kilichohama ndani ya lenzi, pengine ilianguka. Usiifungue mwenyewe. Kupanga vioo kunahitaji vifaa vya kupimia, na fundi wa kawaida wa simu hana vifaa hivyo. Tafuta fundi wa lenzi.

## Nyota zimekuwa visahani

Fokasi, na kwa kawaida kosa ni kuiamini kamera. Gizani fokasi ya kujiendesha huenda mbele na nyuma, hukosa pa kushika, kisha husimama popote. Na ile alama ya nane iliyolala (∞, umbali usio na mwisho) kwenye lenzi haisemi kweli kamili. Lenzi nyingi huvuka kidogo umbali wa nyota.

Weka fokasi ya mkono. Elekeza kwenye nyota angavu au sayari, Zuhura au Mshtarii ikiwa juu, au taa iliyo mbali kilomita kadhaa ng'ambo ya ziwa. Kuza skrini ya nyuma mara kumi, zungusha pete taratibu hadi kinukta kiwe kidogo kabisa, kivuke kidogo, urudi. Kisha bandika kipande cha selotepu kwenye pete ili isiguswe. Usifokasi kwa nyotamkia yenyewe. Kichwa chake ni laini, na utahangaika kutafuta ukali ambao haupo.

Ukibadilisha zumu, fokasi imehama, fanya upya. Joto likishuka sana, kama Njombe au Limuru usiku wa baridi, nayo huhama kidogo, kwa hiyo kagua kila nusu saa.

Kwa simu isiyo na fokasi ya mkono: gusa skrini penye taa ya mbali na ushikilie kidole hadi fokasi ijifunge, kisha geuza simu kuelekea nyotamkia.

## Mwanga umetapakaa, kila kitu kina ukungu

Anza na kufuta lenzi. Simu hukaa mfukoni na mkononi siku nzima, na alama moja ya kidole hugeuza kila nyota kuwa taa ya barabarani wakati wa mvua. Pulizia kwanza kwa kipulizio cha mpira ili mchanga utoke, ndipo ufute kwa kitambaa laini kisafi. Pwani usifute kabla ya kupulizia. Chembe za chumvi na mchanga hukwaruza kioo, na mkwaruzo hauna dawa.

Kama ukungu unarudi baada ya kufuta, ni unyevu unaoganda. Hapa nilipoteza alfajiri nzima. Mwishoni mwa Septemba 2024 nililala chumba chenye kiyoyozi karibu na ufuo, nikaamka saa kumi usiku, nikatoa kamera kwenye hewa ya bahari iliyo moto na nzito. Kioo cha mbele kikawa cheupe papo hapo. Nilifuta, kikarudi. Nilifuta tena, kikarudi. Kilipokubali kukauka, mashariki kulikuwa kumeshapambazuka na nyotamkia imemezwa na mwanga. Tangu hapo kamera yangu hulala nje ya kiyoyozi, au huitoa saa moja kabla ikiwa ndani ya begi lililofungwa zipu, ili joto lake lipande polepole bila kukutana na hewa ya nje.

Bara mambo hugeuka: usiku mtulivu wa nyanda za juu, kioo hupoa kuliko hewa na umande hukishukia. Kofia ya lenzi, ile kola inayoizunguka mbele bila kuifunika, husaidia. Pakiti ya kupasha mikono iliyofungwa kwa mpira kuizunguka lenzi husaidia zaidi. Feni ndogo ya betri nayo inafaa. Kupumulia kioo hakufai.

Ukungu ukiwa ndani ya lenzi, mahali kitambaa hakifiki, mulika kwa tochi kutoka nyuma. Matone madogo yatakauka ukiiweka sehemu kavu pamoja na pakiti za silika, zile zinazokuja na viatu vipya. Lakini ukiona nyuzi nyuzi kama utando wa buibui au mizizi, hiyo ni kuvu, ugonjwa wa kawaida wa lenzi za pwani zinazofungiwa kabatini. Itenge na lenzi nyingine, usiifungue, usiianike kwenye jua kali kwa matumaini ya kuiua. Mpelekee fundi wa lenzi mapema, kwa sababu kuvu ikikaa hula rangi ya kinga iliyopakwa juu ya kioo, na hapo kusafisha hakurudishi kitu.

## Anga la chungwa au jeupe, mkia haupo

Kichwa unakiona, mkia umepotea. Mkia ni mwanga hafifu uliotandazwa sehemu kubwa, na chochote kinachoangaza anga huumeza kwanza.

Tazama tarehe ya mwezi. Mwaka 2024 mwezi ulikuwa mpevu tarehe 17 Oktoba, siku zile zile nyotamkia ilipokuwa imepanda vizuri jioni. Waliopiga tarehe 13 walipata mkia mrefu. Waliosubiri wikendi ya tarehe 19 wakapata kipande. Ilibidi wasubiri mwezi uchelewe kuchomoza, na nyotamkia nayo ilikuwa ikififia kila siku.

Baada ya mwezi, taa za mji. Ukibaki mjini, punguza muda wa shata hadi mchoro wa mwanga wa picha, ule mlima unaoonekana kwenye skrini, ukae theluthi ya kushoto, kisha piga picha nyingi za kuunganisha baadaye kwa programu ziwe picha moja. Geuza mizani ya rangi kutoka kwa kujiendesha hadi 3,800 au 4,000 kelvini, rangi ya chungwa itapoa. Ukipiga kwa RAW, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalichakata, utaweza kuibadilisha hata nyumbani. Ila hakuna mpangilio unaoshinda kilomita thelathini za kutoka nje ya mji.

Ukitoka, usitoke peke yako na usitoke kimyakimya. Pita kwa mwenyekiti wa kijiji au mzee wa mtaa ukiwa bado na mwanga, umwambie nani yuko nawe na mnafanya nini. Watu watatu gizani wenye tochi na vyuma vya miguu mitatu hushtua wenyeji, na wana haki ya kushtuka. Kaa mbali na kambi za jeshi, viwanja vya ndege na mitambo. Na kando ya ziwa au mto wenye viboko, usiweke kamera kati ya maji na majani: kiboko hutoka kula usiku, na ukimzibia njia ya kurudi majini hatakwepa. Ndani au kando ya hifadhi, nenda na askari wa wanyamapori au usiende. Hii si sehemu ya kujaribu kwanza.

## Picha ina chenga

Chenga nyingi hutokana na uhaba wa mwanga zaidi ya zinavyotokana na ISO kubwa. Watu hushusha ISO hadi 200 wakidhani wanasafisha picha, kisha wanaing'arisha kwenye simu, na chenga zinafumuka zote. Panda hadi 1600 au 3200, fungua tundu, utumie muda wote ambao ile hesabu ya 300 inakuruhusu.

Nukta nyekundu, bluu na kijani zilizokaa mahali pale pale kila picha si nyota. Ni vipikseli vyenye joto. Funika lenzi, piga picha kadhaa kwa ISO na muda ule ule, na programu ya kuunganisha itazitumia kuziondoa.

Simu zina tatizo la upande mwingine: hulainisha. Zikiona chenga hupaka, na mkia huenda na chenga. Kama simu ina RAW ndani ya hali ya Pro, iwashe, halafu usafishe mwenyewe kwa kiasi.

## Nimepata kitu cha kijani

Swali hili linanifurahisha, kwa sababu mara nyingine jibu ni ndiyo. Kichwa cha nyotamkia huweza kuwa kijani kweli: ni molekuli za kaboni mbili zilizoshikana, zinang'aa kwa mwanga wa jua, kisha mwanga huo huo huzivunja kabla hazijafika mkiani. Ndiyo maana kijani hukaa kichwani, ilhali mkia wa vumbi huwa wa manjano hafifu na ule wa gesi huelekea bluu.

Lakini kijani kingi nilicholetewa kilikuwa kivuli cha taa. Mwanga mkali ukiingia kwenye lenzi hurukaruka kati ya vioo na kuacha nukta upande wa pili wa picha. Chora mstari kutoka kwenye taa kupitia katikati ya picha. Ukiiangukia ile nukta, ni taa. Piga tena ukigeuza kamera kidogo: kivuli kitahama kinyume, nyotamkia itabaki na nyota zake.

Mstari mfupi wa dhahabu magharibi jioni mara nyingi ni moshi wa ndege uliomulikwa na jua lililokwisha kuzama. Ngoja dakika tano. Moshi utahama au kupanuka. Nyotamkia haitaonekana kusogea zaidi ya kushuka pamoja na anga. Kilichopita kwa sekunde moja ni kimondo, si nyotamkia. Na Zuhura ikipigwa kwa lenzi chafu huota mkia mzuri sana, ila taa zote kwenye picha zitakuwa na mkia wa namna hiyo hiyo.

Jambo moja si kosa kabisa: mkia mwembamba unaoelekea upande wa jua, kinyume na mkia mkuu. Katikati ya Oktoba 2024 ulionekana wazi, dunia ilipokuwa ikikata usawa wa njia ya nyotamkia na kulitazama vumbi lake kwa ubavu. Kuna aliyeufuta kwenye picha yake akidhani ni mkwaruzo. Niliumia kuliona hilo.

## Nimeunganisha picha 60, kichwa kimekuwa soseji

Siril na DeepSkyStacker, programu za kompyuta za kuunganisha picha, ni za bure, na zote mbili hupanga picha kwa kufuata nyota. Nyotamkia ina safari yake. Ikiwa karibu nasi husogea digrii kadhaa kwa siku, na kwa lenzi ndefu dakika 20 zinatosha kuonyesha. Kwanza unganisha picha chache, zile za dakika tano. Ikiwa haitoshi, tumia mpangilio wa nyotamkia ulio ndani ya programu: unaonyesha kichwa kwenye picha ya kwanza na ya mwisho, na programu inafuata kichwa badala ya nyota. Sasa nyota ndizo zitakuwa mistari, na hiyo ni sawa.

## Kamera imegoma kabisa

Imepiga, kisha skrini ikaganda kwa sekunde nyingi? Pengine inapunguza chenga: kila baada ya picha ya sekunde 6 hupiga nyingine ya sekunde 6 gizani. Zima mpangilio huo, la sivyo utapoteza nusu ya dakika zako. Inakataa kubonyezeka? Bado iko kwenye fokasi ya kujiendesha. Betri imekwisha ghafla kwenye baridi? Iweke mfuko wa ndani wa shati, ipate joto, ijaribu tena.

Betri iliyovimba ni jambo lingine. Ukiona mgongo wa simu umeinuka au betri ya kamera haitoki kirahisi, usiichaji, usiitoboe, usiibane irudi. Izime, iweke mbali na vitu vinavyoungua, umpelekee fundi.

Kamera ikipigwa na wimbi, izime papo hapo, toa betri na kadi, usiiwashe kuona kama ni nzima. Mchele hauondoi chumvi, na chumvi huanza kula saketi siku ile ile. Ifunge kwa kitambaa kikavu, mfikie fundi asubuhi, na umwambie waziwazi kwamba ni maji ya bahari, maana kazi atakayoifanya si sawa na ya maji ya bomba.